Pimeni ardhi ya Waogiek: barua ya wazi kwa Rais, Mwanasheria Mkuu, Waziri wa Ardhi, Waziri wa Mazingira na Tume ya Kitaifa ya Ardhi

Waheshimiwa,

Tarehe 23 Juni 2022, pale Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliisomea nchi yetu amri. Kenya ipime mipaka ya ardhi ya mababu wa Waogiek, jamii ya asili ya wawindaji na wafugaji nyuki, katika Msitu wa Mau, iweke alama, na iwape hati miliki ya pamoja, yote ndani ya miaka miwili. Miaka hiyo miwili ilitimia Juni 2024. Hati haijatoka, na wanaoingoja bado wanaitwa wavamizi wa msitu.

Mimi si Mwogiek. Naishi Njoro, na mto wenye jina la mji wetu hushuka kutoka Mau kabla ya kumwagika katika Ziwa Nakuru. Nawaandikia kama raia ambaye serikali yake ilifika mahakamani, ikasikilizwa hadi neno la mwisho, ikashindwa, na sasa inaenda kana kwamba shauri lingali linasikilizwa.

Shauri lenyewe halikuanza jana. Oktoba 2009 Shirika la Huduma za Misitu liliwapa Waogiek na wakazi wengine wa Mau siku 30 waondoke. Mwezi uliofuata malalamiko yakapelekwa kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake ni Banjul, na Tume ikaitaka Kenya isimamishe kufurusha watu hadi jambo lichunguzwe. Mwaka 2012 Tume ikalifikisha shauri mbele ya majaji wa Arusha. Tarehe 26 Mei 2017 wakatoa hukumu: Kenya imevunja ibara saba za Mkataba wa Afrika, zikiwemo zinazolinda mali, ibada, utamaduni, maliasili na maendeleo, pamoja na ile inayokataza ubaguzi. Majaji hawakuwapa Waogiek kila walichoomba. Dai kwamba haki ya uhai ilikiukwa lilikataliwa, na miaka mitano baadaye ombi la kutaka serikali iombe radhi hadharani likakataliwa pia. Nayataja haya kwa sababu nimesikia viongozi wakisema mahakama ile iliegemea upande mmoja. Aliyesoma hukumu zote mbili hawezi kusema hivyo.

Kisha kuna suala la fedha, na hapa watu wengi wamepotoshwa. Mahakama iliagiza shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na shilingi 100,000,000 kwa madhara ya utu na maisha yao. Jumla ni shilingi 157,850,000, ziingie katika mfuko wa maendeleo wa jamii. Nambari hiyo ikisomwa redioni husikika kubwa. Waogiek waliotajwa mbele ya mahakama ni kama 20,000, wengi wao, takriban 15,000, wakiwa Mau. Gawa mwenyewe uone kama mtu mmoja atafikisha shilingi 8,000. Hakuna jamii inayokaa mahakamani zaidi ya muongo mmoja kwa ajili ya shilingi 8,000. Walichokiendea Arusha ni ardhi, na majaji walilielewa hilo ndiyo maana wakaagiza hati.

Mwanasheria Mkuu, wewe unajua kuliko mimi kwamba hukumu hiyo haina rufaa. Itifaki iliyounda mahakama ile inasema hivyo, na inaitaka kila nchi iliyo mshtakiwa itii. Kenya iliiridhia mwaka 2004 kwa hiari yake. Ibara ya 2(6) ya Katiba yetu imeufanya mkataba ulioridhiwa kuwa sehemu ya sheria za Kenya. Novemba 2017 serikali iliunda jopokazi la kuitekeleza hukumu ya kwanza, na mwaka 2018 likaundwa upya. Wataalamu wakalipwa kwa kodi zetu, wakazunguka, wakasikiliza watu. Ripoti yao mpaka leo wananchi hatujawekewa mezani tuisome.

Sasa nifike kwenye neno ambalo huwa jibu la kila afisa: msitu ni ardhi ya umma. Neno hilo lina historia, na historia yake haiko upande wenu.

Kabla ya kuwa na serikali Nairobi, Mau ilikuwa na wenyewe. Kila ukoo wa Waogiek ulikuwa na eneo lake, konoito, lenye mipaka iliyojulikana kwa mito, matuta na miti. Eneo hilo lilianzia maeneo ya chini na kupanda hadi juu kwenye mianzi, na sababu yake ni ya kitaalamu kabisa: maua hayachanui wakati mmoja kila mahali, hupanda mlima kwa misimu, na nyuki hufuata maua. Ukoo wenye kipande cha chini tu ungekosa asali sehemu kubwa ya mwaka. Mizinga ilitundikwa juu ya miti, ikarithiwa kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, na aliyetaka kutundika mzinga katika eneo la ukoo mwingine aliomba. Nani anaingia, nani anarithi, nani anaweza kumzuia mwingine: maswali haya matatu wanasheria huyauliza popote duniani wanapotaka kujua kama ardhi ina mwenyewe. Waogiek walikuwa na majibu yote matatu.

Wakoloni hawakuyauliza. Sheria za Ardhi ya Taji za mwaka 1902 na 1915 zilichukulia kwamba ardhi ya nchi hii ni ya Mfalme wa Uingereza, na mapema miaka ya 1920 Jaji Mkuu wa koloni akatamka kwamba Waafrika ni wapangaji tu wanaokaa kwa hiari ya Taji. Hapa kwetu Njoro, mlowezi Mwingereza Lord Delamere alikuwa amekwisha kupewa ekari 100,000 mwaka 1903 kwa mkataba wa miaka 99. Ilipokuja Tume ya Carter, tume ya wakoloni ya kuchunguza masuala ya ardhi, kati ya 1932 na 1934, ikapendekeza kwamba Waogiek, waliokuwa wakiitwa Dorobo, wasitengewe ardhi yoyote bali wahamishiwe katika maeneo ya makabila waliyokaribiana nayo. Kwa maneno mengine, watu wapo, lakini jamii isiwepo.

Bendera ya Uingereza ilishuka mwaka 1963. Pendekezo la Carter liliendelea kufanya kazi. Waogiek wa Tinet, ndani ya Mau, walipokwenda Mahakama Kuu, Machi 2000 majaji waliwaambia kwamba hawaishi tena kama mababu zao, wamebadilika, hivyo hawawezi kuudai msitu. Hoja hiyo iliniumiza nilipoisoma, na ingali inaniumiza. Mkulima wa Njoro aliyeacha jembe la mkono akanunua trekta hakupoteza shamba lake. Mmaasai aliyeezeka mabati hakupoteza malisho yake. Kwa nini Mwogiek avae viatu, apeleke mtoto shule, apande viazi, halafu aambiwe kwamba kwa kufanya hivyo ameacha kuwa mwenyewe? Majaji wa Arusha waliikataa hoja hiyo mwaka 2017. Na hata kabla yao, Machi 2014, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Nairobi ilitoa uamuzi juu ya kesi iliyofunguliwa mwaka 1997, ikasema haki za Waogiek zimevunjwa, na ikaiagiza Tume ya Kitaifa ya Ardhi iwaandikishe na iwatafutie ardhi ndani ya mwaka mmoja. Kesi ya miaka 17, amri ya mwaka mmoja, na bado tuko hapa.

Katiba ya 2010 ilikuja kufunga mlango huo wa Taji. Ibara ya 63 inaitaja wazi, miongoni mwa ardhi za jamii, ardhi ya mababu na ardhi ambazo kwa desturi zimekaliwa na jamii za wawindaji na wakusanyaji. Sheria ya Misitu ya 2016 inatambua kwamba msitu unaweza kuwa wa jamii. Sheria ya Ardhi ya Jamii, ya mwaka huohuo, inaeleza hatua kwa hatua namna ya kuiandikisha. Hakuna kinachokosekana katika vitabu. Anayesema msitu wote ni wa umma anaisoma Ibara ya 62 na kuacha inayofuata.

Najua mtanijibu kwa habari ya maji. Ni jibu zito, na sitaki kulipita haraka.

Mau ina ukubwa wa takriban hekta 400,000. Hakuna msitu wa asili wa milimani unaoizidi Afrika Mashariki. Mito yake huingia katika Ziwa Victoria, Nakuru, Baringo na Natron. Mto Mara unaoanzia huko hunywesha nyumbu wa Maasai Mara, ukavuka mpaka, ukapita Serengeti na kumwagika Ziwa Victoria upande wa Tanzania. Mau ikikauka, sisi wa Njoro tutaanza kuumia, na wakulima wa Musoma watafuata. Kwa hiyo nakubaliana nanyi: msitu huu ulindwe, na ulindwe kwa nguvu.

Lakini tuulizane ni nani aliyeuharibu. Mwaka 1999 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu yake, ikaacha kampuni chache ziendelee. Mwaka 2001 serikali hiyohiyo ikamega zaidi ya hekta 60,000 za Mau kwa amri ya Gazeti Rasmi, zaidi ya nusu ya hizo zikiwa Mau Mashariki, na vipande vikaenda kwa watu wenye uwezo na wenye majina. Haya hayakufichika: tume na majopo ya serikali yenyewe yameyaandika. Serikali ilipowaambia majaji wa Arusha kwamba inawaondoa Waogiek ili kuokoa msitu, majaji waliutazama ushahidi wakaona kwamba uharibifu umetokana na watu wengine walioingia, na umegaji wa ardhi kwa ajili ya makazi, na vibali vya ukataji miti ambavyo havikustahili kutolewa. Waogiek, wakasema, hawawezi kubebeshwa lawama hiyo, na uhifadhi hauwezi kuwa sababu ya kuwafurusha.

Mwaka 2023 tuliona mambo mawili yakifuatana. Julai, serikali iliondoa marufuku ya ukataji miti iliyokuwapo tangu Februari 2018. Nitasema ukweli wote: iliyoruhusiwa kukatwa ni miti iliyopandwa na kukomaa. Novemba, askari wa misitu na wa wanyamapori, wakiwa na polisi, wakaingia Sasimwani, Kaunti ya Narok, wakaanza kubomoa nyumba za Waogiek. Mamia ya watu walibaki nje wakati wa mvua. Hiyo ilikuwa mwaka mmoja na miezi minne baada ya amri ya Arusha, na miezi saba kabla ya muda wa kutoa hati kwisha. Serikali iliyoamriwa kupima ardhi ya watu ilituma wabomoaji kabla ya wapimaji.

Mheshimiwa Rais, nakuomba usichukulie Sasimwani kama kosa dogo la maafisa wa chini. Kule juu ya mlima, mama anayelala chini ya turubai haitofautishi Wizara ya Mazingira na Ikulu. Kwake yeye, serikali ni moja, na serikali hiyo ndiyo iliyovunja nyumba yake baada ya mahakama kusema isimguse.

Wala msiseme haiwezekani jamii kuutunza msitu. Panda Mlima Elgon, Chepkitale, waliko Waogiek wengine. Ardhi yao ilitangazwa hifadhi ya wanyama mwaka 2000 bila wao kuulizwa. Waliandika kanuni zao wenyewe za kulinda msitu, ikiwemo kukataza uchomaji makaa, wakazisimamia. Septemba 2022, miezi mitatu tu baada ya hukumu ya Arusha, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma iliamua kwamba Chepkitale ni ardhi ya jamii. Mfugaji nyuki ana kila sababu ya kuupenda mti wa silibwet ukiwa umesimama, maana gogo halitoi maua.

Sasa niwageukie majirani zangu, kwa sababu hofu yao ndiyo inayowapa wanasiasa nafasi ya kuahirisha jambo hili kila uchaguzi unapokaribia. Nessuit, Mariashoni, Tinet, na vijiji vingi pembezoni mwa Mau vina Wakipsigis, Wakikuyu, Wamaasai na wengine walionunua au kugawiwa mashamba miaka ya 1990 na baadaye. Wapo walioleta akiba ya maisha yao wakanunua ekari mbili kutoka kwa mtu aliyekuwa na karatasi yenye muhuri. Wapo pia walionunua kutoka kwa Waogiek wenyewe. Wanapoambiwa kwamba Waogiek wameshinda kesi, wanachosikia ni kwamba lori la kuwahamisha liko njiani.

Hukumu haisemi hivyo. Mahakama iliagiza kwamba pale ambapo ardhi ya Waogiek iko mikononi mwa mtu mwingine, serikali iite mazungumzo kati ya pande zote, waone kama mwenye kutumia anaweza kuendelea kwa makubaliano, kwa kulipa pango, au kwa kugawana manufaa. Wasipoafikiana, mzigo unaangukia serikali: iwalipe fidia walio na ardhi hiyo na kuirudisha, na kama kuna sababu ya kweli inayozuia, iwape Waogiek ardhi nyingine yenye ukubwa na ubora sawa. Mwenye ekari mbili hajaamriwa na mtu yeyote ahame usiku. Viongozi wa eneo hili wana wajibu wa kuwasomea wananchi maneno hayo, na wengi wao hawajafanya hivyo. Damu imekwisha kumwagika kati ya majirani katika vijiji hivi, na kila mwaka unaopita bila mpaka unaojulikana ni mwaka mwingine wa watu kulala wakisikiliza mlango.

Nisingependa pia mkimbilie njia ya mkato, yaani kugawa hati za mtu mmoja mmoja kisha mkatangaza kwamba Waogiek wamepewa ardhi. Njia hiyo ilijaribiwa miaka ya 1990 kwa ekari tano tano. Mengi ya mashamba yale yaliishia mikononi mwa wanunuzi, mengine yalitolewa kwa watu wasio Waogiek tangu mwanzo. Mahakama ilisema hati ya pamoja, na sheria yetu ina ulinzi wake: chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii, ardhi haiwezi kutolewa kwa mtu mwingine mpaka theluthi mbili ya watu wazima walioandikishwa waafiki. Kamati ya kuisimamia huchaguliwa na mkutano wa jamii nzima. Sheria hiyo pia inakataza ubaguzi kati ya mwanamume na mwanamke, kwa hiyo daftari la wanajamii liandikwe kwa majina ya kila mtu mzima, mke kwa jina lake, mjane kwa jina lake, binti kwa jina lake. Likiandikwa kwa majina ya wakuu wa familia peke yao, tutakuwa tumewarudishia ardhi nusu ya Waogiek.

Swali la nani ni Mwogiek litakuwa gumu, sikatai. Watu wameoana, lugha zimechanganyika, na pakiwa na ardhi hujitokeza wengi wenye nasaba mpya. Lakini wazee wanazijua koo zao na maeneo yao. Waiteni wazee, muwape muda, orodha ibandikwe hadharani, na kila pingamizi lisikilizwe kwa mwanga wa mchana. Tume ya Kitaifa ya Ardhi ilipewa na sheria kazi ya kuchunguza dhuluma za ardhi za kihistoria kuanzia Juni 1895 hadi Agosti 2010. Kazi ya namna hii ndiyo sababu ya kuwepo kwake.

Kuna jambo jingine linalonitia wasiwasi, nalo ni biashara ya hewa ya ukaa, yaani kulipwa fedha kwa hewa chafu ambayo miti inainyonya. Mwaka 2023 Bunge lilirekebisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, ikasemwa kwamba mradi wa hewa ya ukaa unaotegemea ardhi uipe jamii husika angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, chini ya mkataba wa maendeleo ya jamii. Ni sheria nzuri. Lakini jamii isiyo na hati itaingia mkataba huo kama nani? Serikali ina lengo la kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032, wanunuzi wa hewa ya ukaa wanaitazama Kenya, na msitu wa Mau una thamani leo ambayo haukuwa nayo mwaka 2009. Watu wakiondolewa kwanza, mikataba ikaja baadaye, hakutakuwa na wa kulipwa ile asilimia 40. Ndiyo maana naomba isiwekwe sahihi yoyote ya hewa ya ukaa juu ya Mau hadi Waogiek wawe na hati mkononi.

Mataifa mengine yamekwisha kupita hapa. Australia ilishikilia kwa miaka 200 kwamba ardhi yake haikuwa na mwenyewe Waingereza walipofika. Eddie Mabo na wenzake wa Visiwa vya Murray walifungua kesi mwaka 1982, na tarehe 3 Juni 1992 majaji sita kati ya saba wakasema haki ya wenyeji ilikuwapo kabla ya Taji na ilivuka ikabaki. Mabo alikuwa amefariki Januari mwaka huo. Bunge la Australia likatunga sheria ya hatimiliki za wenyeji mwaka uliofuata, 1993. Ina kasoro nyingi na wenyeji wengi wanaililia hadi leo, lakini hukumu ilipata sheria na ofisi ya kuitekeleza ndani ya miezi 19. Hapa Afrika, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua mwaka 2003 kwamba watu wa Richtersveld hawakupoteza ardhi yao, wala almasi zilizomo, kwa sababu tu koloni lilipita juu yao. Na Tanzania, mwaka 1994, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na katiba kama mali nyingine. Sisi tuna Katiba inayosema wazi kuliko nchi hizo tatu zilivyokuwa nazo, na ndio tunaochelewa.

Wala si Waogiek pekee. Waendorois wa Ziwa Bogoria, walioondolewa kuanzia mwaka 1973 kupisha hifadhi ya wanyama, walishinda mbele ya Tume ya Afrika Novemba 2009, na Umoja wa Afrika ukauidhinisha uamuzi huo Februari 2010. Mwaka 2011 ziwa lao likaingizwa katika Urithi wa Dunia. Ardhi yao hawajarudishiwa. Wasengwer wa Msitu wa Embobut wamechomewa nyumba mara nyingi, na Januari 2018 mmoja wao aliuawa kwa risasi, hata Umoja wa Ulaya ukasimamisha fedha zake za mradi wa maji. Mtakachofanya Mau, jamii hizo zote zinakitazama.

Waheshimiwa, naomba mambo yafuatayo, na kila moja lina ofisi yake.

Rais atoe amri ya maandishi inayozuia idara yoyote kufurusha Waogiek au kubomoa nyumba zao, Sasimwani na kwingineko Mau, hadi upimaji ukamilike, na waliobomolewa Novemba 2023 waruhusiwe kurudi huku wakisaidiwa kujenga upya. Mwanasheria Mkuu achapishe ripoti ya jopokazi jinsi ilivyo, bila kupunguza ukurasa. Hazina ya Taifa iziweke shilingi 157,850,000 katika mfuko wa jamii katika bajeti ijayo, kama kasma inayosomeka kwa jina. Waziri wa Mazingira asimamishe vibali vipya vya ukataji miti na mikataba ya hewa ya ukaa katika maeneo yanayodaiwa. Tume ya Kitaifa ya Ardhi iite mazungumzo ya Waogiek na majirani zao kijiji kwa kijiji, mbele ya wazee wa pande zote, na hukumu isomwe hapo kwa lugha wanayoielewa kabla mtu yeyote hajaanza kuhutubia.

Na wewe, Waziri wa Ardhi, tangaza katika Gazeti Rasmi tarehe ambayo wapimaji wataingia Mau na wazee wa koo wakiwatangulia kuwaonyesha mipaka. Taja jina la afisa atakayewajibika. Nakala ya tangazo hilo ibandikwe katika ofisi za machifu za Nessuit, Mariashoni, Tinet na Sasimwani, kwa Kiswahili na kwa Kiogiek.

Wenu,
Mkazi wa Njoro, Kaunti ya Nakuru